Fomu ya Chuo cha Taaluma: Uichape au Uijaze kwa Mkono?

Msomaji mmoja anayeomba nafasi ya kusomea ufamasia ameniandikia akisema kwamba ana fomu tatu mezani, kutoka vyuo vitatu tofauti. Ya kwanza hujazwa mtandaoni moja kwa moja. Ya pili ni faili la PDF lisilosema lolote kuhusu namna ya kulijaza. Ya tatu ni karatasi iliyokwisha kuchapishwa, yenye visanduku vidogo vidogo, na maelekezo yake yanataka ijazwe kwa kalamu na kurudishwa kwa posta. Mwandiko wake, kwa maneno yake mwenyewe, ni kama kuku aliyekanyaga wino. Rafiki mmoja amemwambia kwamba fomu iliyojazwa kwa mkono huonyesha moyo wa mwombaji. Mwingine amemwambia kwamba siku hizi maandishi ya mkono huonekana kuwa uzembe. Anauliza amsikilize nani kati yao, na kama ni halali mdogo wake mwenye mwandiko mzuri amjazie ile fomu ya tatu.

Jibu fupi ni hili: palipo na ruhusa ya kuchapa, chapa, palipoamriwa mkono, tumia mkono, na pasiposemwa lolote, chapa kila kitu isipokuwa sahihi. Marafiki wote wawili wanadhani kwamba fomu husomwa na mtu mmoja anayeitazama yote kwa pamoja na kupata hisia fulani juu ya mwombaji. Mimi nimekaa miaka kadhaa kwenye meza ya kupokea maombi ya namna hiyo, na naweza kusema kwamba fomu moja hupita mikononi mwa wasomaji watatu wasiofanana hata kidogo: mashine, karani, na kamati ya udahili. Kila mmoja ana shida yake na mwandiko, na ukijua ni yupi anayesoma sehemu gani, swali la kuchapa au kutochapa hujibika lenyewe.

Kabla ya hapo, soma maelekezo yaliyo juu ya fomu, hasa ule mstari mdogo ambao watu huuruka. Fomu nyingi za Kiingereza huandikwa maneno "type or print", na nimewaona waombaji wenye akili timamu wakihangaika kutafuta printa kwa sababu ya neno hilo la mwisho. Hapo maana yake ni kuandika kwa mkono kwa herufi zilizotenganishwa, kama zile za kitabuni, badala ya mwandiko wa kuunganisha. Fomu hiyo basi inakuruhusu kuchagua, na ukichagua mkono inakutaka usiunganishe herufi. Pakiandikwa kwamba herufi zote ziwe kubwa, ziwe kubwa zote, hata katika jina la mtaa.

Sasa tuanze na mashine, kwa kuwa ndiyo isiyo na huruma. Ile fomu yako ya tatu yenye visanduku, kimoja kwa kila herufi, imetengenezwa ili isomwe na skana pamoja na programu ya kutambua herufi. Kisanduku huwekwa ili kulazimisha herufi moja ikae mbali na jirani yake, maana programu hiyo hupata taabu kubwa zaidi pale herufi mbili zinapogusana. Huenda umeona kwamba visanduku vyenyewe vimechapwa kwa rangi hafifu, nyekundu iliyopauka au ya machungwa. Rangi hiyo huchaguliwa ili skana iweze kuichuja na kubakiza maandishi yako peke yake kwenye picha. Hii ndiyo sababu wino mweusi unasisitizwa na wino mwekundu unakatazwa: ukiandika kwa rangi iliyo karibu na ile ya visanduku, mashine itayafuta majibu yako pamoja na visanduku, na picha itakayobaki itakuwa nyeupe. Penseli nayo hung'aa chini ya taa ya skana na kufifia, licha ya kusuguka karatasi zinapolaliana.

Tumia kalamu ya biki nyeusi ya kawaida. Kalamu za wino wa maji huingia kwenye nyuzi za karatasi na kutanuka, na zile za jeli huchelewa kukauka, jambo ambalo wanaoandika kwa mkono wa kushoto wanalijua vizuri kuliko mimi. Andika katikati ya kisanduku bila kugusa kingo zake. Kisha angalia jozi za herufi na tarakimu zinazofanana: 1 iliyowekewa mkia mrefu juu husomwa 7, 4 iliyofungwa juu husomwa 9, 5 na S, 2 na Z, 0 na O, U na V huchanganywa kila siku. Si lazima uwe na mwandiko mzuri ili uandike fomu ya visanduku. Unahitaji maumbo yasiyobadilika, yaani 4 ya ukurasa wa kwanza iwe ileile ya ukurasa wa sita, na hilo hata mkono wa kuku unaweza kujifunza kwa jioni moja ya mazoezi kwenye nakala ya fomu.

Msomaji wa pili ni karani, na huyu ndiye hasa ninayetaka umfikirie unaposhika kalamu. Kazi yake ni kuhamisha jina lako, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na anwani kutoka kwenye fomu kwenda kwenye kompyuta, fomu baada ya fomu, na hana muda wa kukisia. Nakumbuka mwombaji mmoja aliyekuwa na anwani ya barua pepe yenye mstari wa chini kati ya majina yake mawili. Aliiandika kwa mkono, vizuri sana, juu ya mstari wa nukta uliochapwa kwenye fomu, na ule mstari wa chini ukazama ndani ya mstari wa nukta. Karani akaona majina mawili yenye nafasi kati yake, akayaunganisha. Wito wa usaili ukarudi mara mbili kabla ya mtu yeyote kufikiri kuitoa fomu ya karatasi kwenye jalada na kuitazama upya kwenye mwanga. Hapo ndipo kuchapa kunaposhinda bila ubishi: katika anwani, namba na majina, yaani mambo ambayo hayawezi kukisiwa kutokana na maneno yanayoyazunguka. Ikibidi uandike kwa mkono, chagua anwani ya barua pepe isiyo na mistari, na usiweke tarakimu 1 karibu na herufi l ndogo.

Tarehe zina mtego wake. Ukiandika 04/05, baadhi ya wasomaji wataona tarehe 4 ya mwezi wa tano, na wengine, hasa waliozoea mtindo wa Marekani, wataona tarehe 5 ya mwezi wa nne. Fomu ikionyesha mpangilio, ufuate. Isipoonyesha, andika jina la mwezi kwa herufi. Majina yako nayo yafuate hati unayosafiria au kitambulisho utakachoonyesha siku ya kujiandikisha, kwa mpangilio uleule na tahajia ileile, hata kama nyumbani na shuleni unaitwa vingine.

Msomaji wa tatu ni kamati, ambayo mara nyingi husoma maelezo yako binafsi na majibu marefu, ikiwa imekwisha kupewa takwimu zako na karani. Hapa ndipo rafiki yako wa kwanza alipotaka kuona moyo wa mwombaji kwenye mwandiko. Imani kwamba mwandiko hufichua tabia ya mtu ni ya zamani, lakini haijathibitishwa, na hakuna kamati makini itakayokupa nafasi ya ufamasia kwa sababu ya mkia wa herufi g. Hata hivyo rafiki yako wa pili naye asishangilie. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo insha zilizoandikwa kwa mkono zilichapwa kwenye kompyuta, na zilizochapwa zikanakiliwa kwa mkono, kisha zote zikasahihishwa. Zile zilizokuwa katika sura ya mkono zilipata wastani wa alama za juu kuliko zilezile zilipokuwa katika sura ya chapa. Sababu si ngumu kuiona kwa mtu aliyewahi kusahihisha: insha iliyochapwa huonekana fupi zaidi, na kosa la tahajia lililojificha kwenye mwandiko husimama wazi kwenye chapa. Msomaji pia humsamehe aliyeandika kwa mkono, akijua kwamba hakuwa na njia rahisi ya kurekebisha, ilhali aliyechapa hana kisingizio.

Funzo ninalolitoa kwenye matokeo hayo si kwamba ukaandike maelezo yako kwa mkono. Usahihishaji wa insha za mtihani ni kazi moja, na kusoma rundo la maombi ni kazi nyingine. Ninachokisema ni kwamba chapa hukupunguzia huruma ya msomaji, kwa hiyo ukichapa una wajibu wa kuhariri mara mbili zaidi. Chapisha rasimu kwenye karatasi na uisome kwa sauti ukiwa na kalamu mkononi, kwa sababu jicho linaloruka kosa kwenye skrini hulikamata kwenye karatasi.

Sasa fomu yako ya pili, ile PDF iliyo kimya. Ifungue kwenye kompyuta na ubofye kwenye nafasi ya jina. Kielekezi kikianza kupepesa ndani ya kisanduku, fomu ina sehemu hai za kujazwa, na hiyo ni ishara tosha kwamba walioitengeneza walitarajia uchape. Pasipotokea kitu, unayo picha tu ya fomu; hapo unaweza kutumia zana ya kuongeza maandishi juu ya ukurasa, ambayo programu nyingi za kusomea PDF zinayo, ukachagua chapa ya kawaida isiyo na madoido, ukubwa wa 10 au 11, rangi nyeusi. Nasisitiza rangi kwa sababu baadhi ya zana hizo huanza na nyekundu au buluu bila kukuuliza.

Sehemu hai zina hila mbili. Kuna zinazopunguza ukubwa wa herufi kadiri unavyoongeza maneno, hata jibu lako likawa na herufi za ukubwa wa chungu wadogo ambazo hakuna mjumbe wa kamati atakayezisoma kwa hiari. Kuna nyingine zinazoendelea kupokea maneno hata kisanduku kinapojaa: wewe unaweza kushuka na kusoma jibu lote kwenye skrini yako, lakini likichapishwa kwenye karatasi hutoka lile linaloonekana peke yake, na sentensi hukatika katikati. Kwa hiyo ukimaliza, hifadhi faili, lifunge, kisha ulifungue upya kwa programu nyingine au kwenye kifaa kingine. Fomu iliyojazwa ndani ya kivinjari au ndani ya barua pepe mara nyingine hufika upande wa pili ikiwa tupu, huku mtumaji akiapa kwamba aliijaza, na kwa kweli aliijaza. Ukitaka kuwa na hakika, lichapishe faili hilo kuwa PDF mpya, ili maandishi yagande kwenye ukurasa. Ila usifanye hivyo iwapo chuo kimesema kinavuna majibu moja kwa moja kutoka kwenye sehemu hai.

Kuna na suala la ukubwa wa karatasi, ambalo huonekana dogo mpaka likukute. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, na karatasi ya barua ya Marekani ina takriban milimita 216 kwa 279. Fomu iliyopangwa kwa A4 ikichapishwa kwenye karatasi ya Kimarekani kwa ukubwa wake halisi hukatika kwa chini, na chini ndiko mara nyingi sahihi inakokaa. Printa ikiachwa iipunguze ili ienee, itaifikisha kwenye takriban asilimia 94 ya ukubwa wake. Hilo halina neno kwa fomu inayosomwa na mtu, lakini kwa fomu ya visanduku inayosomwa na mashine, visanduku havitakuwa tena pale mashine inapovitafuta. Fomu ya namna hiyo ichapishwe kwenye karatasi iliyokusudiwa, kwa ukubwa kamili.

Fomu ya mtandaoni, ile ya kwanza, haina swali la mkono, lakini usiijaze kwa kuandika papo kwa papo. Andika majibu marefu pembeni, kwenye programu ya maandishi, halafu yanakili na kuyabandika. Pitisha maandishi hayo kwanza kwenye programu ya maandishi matupu, kwa kuwa alama za nukuu zilizopinda na vistari virefu ambavyo programu za uandishi huweka zenyewe hugeuka alama za kuuliza kwenye baadhi ya mifumo. Hesabu herufi pamoja na nafasi, wala usihesabu maneno: AMCAS, mfumo unaopokea maombi ya vyuo vingi vya udaktari nchini Marekani, huruhusu herufi 5,300 kwa maelezo binafsi, na UCAS, mfumo wa maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, huruhusu 4,000, nafasi zikiwemo. Acha pengo la herufi kadhaa chini ya kikomo, kwa sababu kuna mifumo inayohesabu kila mwisho wa mstari kama herufi mbili. Kumbuka pia kwamba saa ya mwisho ya kupokea maombi huhesabiwa kwa saa za mahali chuo kilipo, isipokuwa wameeleza vinginevyo.

Wako wanaouliza kuhusu mashine ya chapa, ile ya zamani ya vibonye, na naiheshimu kwa sababu ilinifundisha kupima. Mashine ya kawaida ya aina ya pika huandika herufi 10 katika kila inchi, kwa hiyo mstari wa sentimita 17 huchukua herufi 66, na mwombaji alijua kabla ya kugusa kibonye kama jibu lake litaenea. Kama unayo na inafanya kazi, inafaa bado kwa fomu ya karatasi isiyo na visanduku. Kama huna, usiitafute. Wala usichape majibu kwenye karatasi nyingine, ukayakata vipande na kuyagundisha kwenye fomu. Vipande hivyo hukwama kwenye skana, na mara nyingine hung'oka vikabaki ndani yake.

Ule upimaji, hata hivyo, uuhamishe kwenye kalamu. Piga nakala mbili au tatu za fomu tupu na uzijaze kwanza, ili uone mahali ambapo jina la shule yako halitoshi na uamue mapema ufupisho utakaoutumia. Usiache sehemu ikiwa tupu kwa sababu haikuhusu. Andika neno lenye maana ya "haihusiki" katika lugha ya fomu, isipokuwa maelekezo yanakutaka uache wazi. Maneno "tazama kiambatisho" yatumie pale tu fomu inaporuhusu karatasi za ziada, na kila karatasi ya ziada iwe na jina lako, namba ya maombi kama unayo, na namba ya swali linalojibiwa. Ukikosea kwenye fomu ya mwisho, kata kosa kwa mstari mmoja ulionyooka, andika lililo sahihi juu yake au kando, na uweke herufi za mwanzo za majina yako. Rangi nyeupe ya kufutia iepuke: humwacha msomaji akijiuliza kilichofichwa chini yake, na kwenye skana hutoka kama doa.

Sahihi ni ya mkono, kwa wino, ndani ya nafasi yake, kwa kuwa inayotoka nje hukatwa picha inapopunguzwa. Jina lililochapwa kwa herufi za kupindapinda halihesabiki kuwa sahihi, isipokuwa mfumo wenyewe umekuelekeza kufanya hivyo. Ukitakiwa kutuma fomu iliyosainiwa kwa barua pepe, iskani kwa nukta 300 kwa inchi. Picha ya simu hukubalika pale tu karatasi imelala bapa, pembe zote nne zinaonekana, na kivuli cha mkono wako hakipo.

Nimefika kwa mdogo wako. Kama fomu ya tatu imesema ijazwe kwa mwandiko wa mwombaji mwenyewe, asiiguse, kwa sababu huko utakuwa unatia sahihi chini ya tamko lisilo la kweli, na vyuo vya taaluma za afya na sheria hutazama uaminifu wa mwombaji kwa jicho kali kuliko vyuo vingine. Kama haikusema hivyo, hakuna ubaya akinakili majina, anwani, tarehe na orodha ya masomo kutoka kwenye nakala uliyoijaza wewe, huku ukiwa umeketi kando yake. Kisha usome kila kisanduku baada yake, maana kosa lake litahesabiwa kuwa lako. Maelezo ya kwa nini unataka kuwa mfamasia yatunge mwenyewe, na sahihi iweke mwenyewe. Mwenye ulemavu au maumivu ya mkono yanayomzuia kuandika aiandikie ofisi ya udahili mapema na kuomba kuchapa au kuandikiwa. Ombi la namna hiyo hujibiwa kirahisi likija wiki kadhaa kabla ya mwisho, na kwa taabu likija siku ya mwisho.

Ushauri wangu kwako hasa, kwa kuwa umeniambia mwandiko wako ulivyo na visanduku ulivyonieleza, ni kuijaza ile ya tatu mwenyewe. Herufi kubwa zilizotenganishwa ndani ya visanduku hazihitaji mwandiko mzuri, zinahitaji saa mbili za utulivu. Kabla ya kufunga bahasha, piga nakala ya kila ukurasa, pamoja na ule wa sahihi, uiweke mahali utakapoipata. Ukiitwa kwenye usaili, wajumbe watakuwa na fomu hiyo mbele yao na watakuuliza kutoka humo, pengine miezi kadhaa baada ya wewe kusahau ulichoandika kwenye swali la nane.